Keja Inakuchoma Kama Ovena? Cheki Dirisha Kabla Hujalipa Dipoziti

Kama umepanga Kapseret, Langas ama kule ndani Kipkenyo, miezi ya Januari hadi Machi huhitaji kuelezewa na mtu. Saa tisa mchana ukifungua mlango wa keja, joto linakusalimia kabla ya jirani. Maji ya kunywa yako uvuguvugu, mafuta ya nywele yameyeyuka, na kitanda ni kama kimepigwa pasi. Halafu usiku, keja hiyo hiyo inakufanya ulale na hudi.

Wengi wakichoka wanakimbilia feni. Wengine wanalaumu mabati, na kusema ukweli mabati ina makosa yake, tutafika huko. Lakini kuna mshukiwa mwingine ambaye huwa haulizwi maswali: dirisha. Dirisha ndilo linaamua jua kiasi gani liingie kejani, na joto likishaingia litatokea wapi. Na habari poa ni kwamba Kapseret ni kati ya zile sehemu ambapo nyumba inaweza kukaa fiti bila AC hata moja, mradi dirisha lifanye kazi yake.

Shida ni kwamba mtu akienda kuangalia keja anauliza maji, stima, usalama na choo. Dirisha anaangalia kama lina grili tu, basi. Hebu tubonge.

Kwanza, hili joto linatoka wapi?

Kapseret iko juu, zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Pia iko karibu sana na ikweta, chini ya kilomita 60 kaskazini yake. Hivyo vitu viwili vikikutana vinaleta tabia ambayo kila mtu wa Eldoret anaijua: ukisimama juani unachomeka, ukiingia kivulini unasikia poa hapo hapo.

Maana yake ni hii. Hewa yenyewe huku si moto vile. Mchana wa Februari hucheza kwenye digrii 25 ama 26, na usiku hushuka hadi karibu 10. Kinachokuchoma ni jua lenyewe, lile linalopiga ukuta, bati na kioo moja kwa moja.

Kioo nacho kina tabia ya unafiki. Miale ya jua inapita bila shida, inapiga sakafu, kochi na kitanda, navyo vinapata moto. Vikishapata moto vinatoa joto la aina nyingine, ambalo kioo hakiliruhusu kutoka kirahisi. Ndiyo sababu matatu iliyoegeshwa juani na madirisha yamefungwa inageuka jiko. Keja yako ikifungwa kutwa nzima ukiwa job ama chuo, inapitia yale yale.

Kwa hivyo kazi ni mbili tu: zuia jua lisipige kioo, na upe joto njia ya kutoka. Mengine yote ni maelezo ya hizo mbili.

1. Dirisha linaangalia wapi?

Hili ndilo swali la kwanza, na huhitaji kuwa injinia. Toa simu, fungua dira. Kama simu yako haina, tumia akili ya mtaa: ukiwa Kapseret, jua linachomoza upande wa Kaptagat na Iten, na linazama upande wa Kakamega.

Dirisha la magharibi ndilo noma. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, jua liko chini na linaingia ndani moja kwa moja, wakati ambapo ukuta, bati na hewa tayari vimeshiba joto la siku nzima. Ukirudi kutoka kazini unapata keja imeiva.

Dirisha la mashariki linapata jua la asubuhi. Hilo si baya sana, kwa sababu huku asubuhi ni baridi na ule moto kidogo unakaribishwa. Kufikia saa sita jua limehama.

Dirisha la kaskazini ama kusini ndilo la kubahatisha. Karibu na ikweta, jua la mchana linapita karibu juu ya kichwa mwaka mzima. Likiegemea kusini mwezi wa Desemba ama kaskazini mwezi wa Juni, bado liko juu, kwa hivyo kibaraza kidogo cha paa kinatosha kulizuia.

Cheki hesabu. Chukua paa lililotoka nje sentimita 60 juu tu ya dirisha la kusini. Saa sita mchana wa Desemba, wakati jua limeegemea kusini kabisa, kivuli cha hilo paa kinashuka zaidi ya mita moja. Dirisha la kawaida linafunikwa lote. Chukua paa hilo hilo uliweke juu ya dirisha la magharibi saa kumi jioni: kivuli kinashuka kama sentimita 50 tu. Dirisha lililobaki lote linachomwa. Paa ni lile lile, kioo ni kile kile, ila upande umebadilika na hadithi imebadilika.

Kama ploti ina keja mbili za bei moja, moja inaangalia Kakamega na nyingine inaangalia kusini, sasa unajua ya kuchukua.

2. Dirisha linafunguka kiasi gani?

Ukubwa wa dirisha ni kitu kimoja, sehemu inayofunguka ni kitu kingine kabisa.

Madirisha ya slaidi, yale ya alumini ambayo kioo kimoja kinateleza nyuma ya kingine, ndiyo fasheni sai kwenye flati mpya. Yanaonekana safi na hayagongani na grili. Lakini la vioo viwili hata ulifungue hadi mwisho, nusu nzima inabaki imezibwa. Landlord amekuuzia dirisha la mita moja na nusu, wewe unapata hewa ya nusu yake.

Yale ya zamani ya chuma, yanayofunguka nje kama mlango, yanatoa karibu nafasi yote. Tena ule ubawa ukifunguka vizuri unaweza kukamata upepo unaopita kando ya ukuta na kuusukuma ndani. Yanapiga kelele, yanashika kutu, lakini kwa hewa yanashinda.

Luva, vile vipande vya kioo vilivyopangwa kama mbavu, nazo zinapitisha hewa poa na unaweza kuziacha wazi mvua ikinyesha kidogo. Shida zake ni mbili: vumbi la barabara za murram linaingia hata zikiwa zimefungwa, na vipande ni rahisi kuchomolewa na wale wenye mikono mirefu. Lazima ziwe na grili.

Kwa hivyo ukienda kuangalia keja, usiangalie tu kioo kinavyong'aa. Fungua dirisha mwenyewe, hadi mwisho. Kama keateka anakuambia "hilo huwa halifunguki, lakini liko sawa," jua haliko sawa.

3. Hewa ikiingia, inatokea wapi?

Hapa ndipo bedsita nyingi zinaanguka. Chumba kina mlango mmoja na dirisha moja, vyote upande wa koridoo. Hata ufungue dirisha lote, hewa haina pa kwenda. Ni kama kupuliza ndani ya chupa: inagoma.

Hewa inataka kuingia upande mmoja na kutoka upande mwingine. Madirisha mawili madogo kwenye kuta zinazotazamana yanapoza keja kushinda dirisha moja kubwa la kifahari. Kama kuna kidirisha cha jikoni ama cha bafu upande wa pili, hicho ni dhahabu. Kifungue pamoja na kile kikubwa, uache na mlango wa katikati wazi.

Ujanja wa pili ni urefu. Hewa moto hupanda. Ukiwa na njia chini ya kuingilia hewa baridi na njia juu ya kutolea ile moto, keja inajipumulia yenyewe hata nje kusipokuwa na upepo. Ndiyo kazi ya zile tundu ama bloki zenye matundu ambazo fundi huacha juu ya dirisha. Wapangaji wengi wanazifunga na magazeti kwa sababu ya baridi ya usiku, halafu Februari wanashangaa joto limeenda wapi. Halijaenda popote, liko pale juu limekaa.

Kujua kama keja inapumua, beba uzi mwembamba ama kipande cha tishu. Fungua madirisha, kisimamishe katikati ya chumba. Kikicheza, hewa inapita. Kikining'inia tu kama nguo kwenye kamba siku haina upepo, tafuta keja nyingine ama ujipange kununua feni.

4. Kivuli ni cha nje, si cha ndani

Pazia nzito la ndani linasaidia, lakini si vile watu wanafikiria. Jua likishavuka kioo, limeshaingia. Pazia linapata moto, na ule moto unabaki chumbani na wewe. Kivuli kinachofanya kazi ya ukweli ni kile kinachokutana na jua kabla halijagusa kioo.

Hiyo inaweza kuwa paa lililotoka nje, slabu ndogo ya simiti juu ya dirisha, mkeka wa matete, neti ya kivuli kama ile ya kwenye nasari za miche, ama mti. Mpapai, mparachichi, hata mmea wa kutambaa kama karakara kwenye waya, kwa dirisha la magharibi ni msaada mkubwa. Na kama wewe ni mpangaji huruhusiwi kutoboa ukuta, kile kitambaa cha rangi nyeupe unaweza kukifunga kwenye grili, kama grili iko nje ya kioo.

Kama huna jinsi na lazima utumie pazia la ndani, chukua lenye mgongo mweupe ama wa kung'aa uangalie nje, lirudishe sehemu ya mwanga kabla haijageuka joto. Pazia jeusi upande wa magharibi ni kujitafutia.

5. Kile kioo cha bluu je?

Tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji Agosti 2024, mjengo umechanuka kila upande, na kioo cha bluu ama cha rangi ya shaba ndicho kinaonyesha mtu ameomoka. Kiko sawa kwa sura. Kwa joto, sikiza vizuri.

Kioo chenye rangi tu hakirudishi jua, kinalinyonya. Kinapata moto chenyewe, halafu sehemu ya huo moto inaingia ndani. Mwanga wa macho unapungua kuliko joto linavyopungua, na unajipata unawasha taa saa nane mchana. Kioo cha kung'aa kama kioo cha kujitazama ni afadhali, kwa sababu kinarudisha sehemu ya jua. Lakini kioo chochote ambacho hakifunguki, hata kiwe cha bei gani, hakitoi joto lililoingia kupitia mabati na ukuta.

Na vile vioo viwili viwili vilivyofungiwa hewa katikati? Wengi wetu tuna ndugu na marafiki Dubai, Doha na Riyadh, na wanatuma picha za nyumba zilizofungwa kabisa, kioo mwanzo mwisho, ndani baridi kama friji. Kule ni hesabu nyingine. Kiangazi cha Ghuba hupita digrii 40 mchana, na hata usiku nje bado ni moto. Ukifungua dirisha unakaribisha adui. Lazima wafunge na wawashe AC, na kioo cha aina ile kinalinda baridi waliyoinunua. Sisi baridi tunapewa bure kila usiku. Kujenga nyumba ya Dubai Kapseret ni kufunga mlango mbele ya zawadi.

Wala si lazima uende mbali kuona njia yetu. Lamu, watu wa pwani walijenga nyumba za mawe zenye kuta nene na uwanja wa ndani, hewa ikizunguka na jua likibaki nje, kabla feni haijavumbuliwa. Nairobi, jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri lililofunguliwa 2011 linapoza ofisi kwa madirisha ya kufunguka na uwazi mkubwa katikati unaovuta hewa moto juu. Na kando ya Ziwa Turkana, ambako joto si mchezo, kampasi ya Startup Lions ya 2021 iliyobuniwa na Francis Kéré wa Burkina Faso ina minara mirefu inayotoa hewa moto, wazo lililotoka kwa vichuguu vya mchwa. Mchwa! Wadudu wanajua hewa moto hupanda, sisi tunaziba tundu na gazeti.

6. Ratiba ya dirisha

Hata dirisha zuri likitumiwa vibaya halisaidii. Wakati wa jua kali, fuata hii:

Jioni, jua likishazama na nje kukianza kupoa, fungua kila kitu. Toa ile hewa ya mchana yote. Kama una feni, usiielekeze kwako kwanza. Iweke dirishani ikisukuma hewa nje, na ufungue dirisha la pili ili hewa baridi iingie. Dakika kadhaa utasikia tofauti.

Usiku, acha sehemu ya juu ama tundu wazi. Neti ya dirisha ni lazima, kwa sababu mbu wa hapa hawajui kama tuko nyanda za juu.

Asubuhi na mapema, fungua tena. Hapo ndipo hewa ni baridi kabisa. Kama keja ni ya mawe ama bloki, kuta zinakunywa hiyo baridi na kuitunza hadi mchana.

Kuanzia saa nne hivi, upande unaopigwa na jua funga pazia, acha ule wa kivulini wazi kama usalama unaruhusu. Kama unatoka kwenda job, tundu za juu zibaki wazi.

Kama keja ni ya mabati kuta hadi paa, mambo ni tofauti kidogo. Mabati haitunzi baridi. Ikipigwa na jua inapata moto dakika hiyo hiyo, na dirisha peke yake halitamaliza hiyo kesi. Unahitaji dari, hata ya mbao nyepesi, na nafasi ya hewa kupita kati yake na bati. Rangi nyeupe juu ya paa nayo inarudisha jua. Dirisha litatoa joto linalobaki.

7. Hii sasa si ya starehe, ni ya uhai

Baridi ya usiku ina mtego. Watu wanaziba tundu zote, wanafunga dirisha, halafu wanaingiza jiko la makaa ndani ili wapate joto. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Haikuamshi. Inakulaza zaidi. Familia nzima zimepotea hivyo katika nchi hii, na mara nyingi jirani ndiye anavunja mlango asubuhi.

Usilale na jiko ndani, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Na zile tundu usizizibe hata Julai. Chumba cha watu wanne kisichopitisha hewa pia ni njia rahisi ya TB na homa kuzunguka. Ukisikia baridi, ongeza blanketi, si makaa.

Kama ni wewe unajenga

Labda umepata kashamba nyuma ya uwanja wa ndege, ama mzee nyumbani amekukatia pointi moja. Mambo ya dirisha yanaamuliwa kwenye plani, bado hakuna jiwe limewekwa. Baadaye ni kubomoa.

Lala nyumba iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, ili kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini, na madirisha makubwa yakae huko. Upande wa magharibi weka choo, stoo ama ngazi, na vidirisha vidogo. Kila chumba cha kulala kipate tundu kwenye kuta mbili kama nafasi ipo. Toa paa nje angalau sentimita 60. Hesabu ya kawaida ya mafundi na wachoraji ni madirisha yasipungue sehemu moja kwa kumi ya sakafu. Chumba cha mita tatu kwa tatu kinataka karibu mita moja mraba ya dirisha.

Kanuni mpya za ujenzi za Kenya zilianza kufanya kazi Machi 1, 2025, zikachukua nafasi ya zile za 1968, na kaunti ndiyo inapitisha plani yako. Kwa hivyo usikubali fundi akuambie "tundu zimepitwa na wakati, wacha tuzibe ikae smati." Mwambie kwa heshima, "Fundi wangu, smati ni mtu kulala bila kutoa jasho."

Kabla ya kutuma dipoziti

Nenda kuangalia keja saa tisa mchana, si saa mbili asubuhi. Asubuhi kila keja ya Kapseret ni tamu. Ukifika:

- Toa dira. Dirisha linaangalia wapi?
- Lifungue hadi mwisho. Ni lote, nusu, ama halifunguki?
- Tafuta njia ya pili ya hewa. Shika uzi uone kama unacheza.
- Inua macho. Kuna tundu juu? Kuna dari chini ya bati?
- Toka nje. Kuna kivuli chochote juu ya kioo?

Kama majibu ni mabaya na bado unaipenda keja, ongea na mwenye nyumba kabla hujalipa, kwa sababu pesa ikishaingia simu yake huwa haishikwi. "Mama, nimependa nyumba, lakini hilo dirisha limekwama na tundu zimezibwa. Ukitengeneza, ninaingia mwisho wa mwezi." Hilo ni ombi dogo kuliko kupunguziwa rent, na wengi hukubali.

Feni unaweza kununua wakati wowote. Upande ambao dirisha linaangalia huwezi kubadilisha ukishahamisha godoro.